Freiland: Riwaya ya Jamii Kamilifu Iliyokwamia Lamu

Kwa msomaji wa Lamu anayependa bunilizi za kisayansi za zamani, sijui kitabu kinachomgusa kuliko Freiland, riwaya ambayo Theodor Hertzka, mwanauchumi wa Vienna, aliitoa kwa Kijerumani mwaka 1890. Nakala ninayoitathmini ni tafsiri ya Kiingereza ya Arthur Ransom ya mwaka 1891, iliyochapwa upya kwa jalada laini. Niliiagiza kwa njia ya mtandao, ikaja kwa basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa mashua bila kudhurika.

Hertzka anawapeleka wahamiaji wa Ulaya kutoka Mombasa hadi Mlima Kenya, wakajenge jamii ambamo ardhi haina mmiliki, mtaji hukopeshwa bila riba, na wanawake, watoto na wazee wana haki ya kutunzwa na umma. Msomaji aliyelelewa akijua kwamba riba ni haramu atazisoma sura za mikopo kwa makini ya pekee. Mimi nilivutiwa zaidi na daftari za hesabu: kila ushirika huweka mapato yake wazi, na mfanyakazi akiona kwamba kwingine kuna faida kubwa zaidi, huhamia huko wala hakuna wa kumzuia. Uwazi huo ndio nguzo ya uhuru wao. Katika We ya Yevgeny Zamyatin, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1924, uwazi umekuwa gereza, kwani watu wanaoitwa kwa herufi na namba huishi ndani ya kuta za vioo ili dola iwaone. Nashauri riwaya hizi mbili zisomwe zikifuatana.

Kasoro kubwa ya Hertzka ni kwamba ardhi aliyoigawa ilikuwa na wenyewe. Wamaasai na Wakikuyu wamo riwayani, lakini ni watu wa kufanywa marafiki na kufundishwa. Haki yao ya kuwakatalia wageni haipewi uzito wowote, na kwangu mimi hilo linaitia doa jamii nzima inayosifiwa humo.

Wafuasi wake waliichukulia ndoto hiyo kuwa mpango wa kweli. Mwaka 1894 kundi lao lilishuka hapa Lamu, likikusudia kupanda Mto Tana hadi Mlima Kenya, lakini msafara ulivunjika mwaka huohuo bila kufika. Nasikitika kwamba nakala hii haina hata mstari mmoja juu ya tukio hilo: haina utangulizi wala ramani, na wino umefifia katika kurasa kadhaa. Hata hivyo, nawahimiza walimu wa historia na fasihi wa Lamu wainunue na kuwasomea wanafunzi sura za mwanzo wakiwa na ramani ya Kenya mezani, waifuate njia ya msafara na kuulizana ni nani waliokuwa wakiishi kila ulipopita.