Nimerudi Kujitolea Kigoma: Nani Aende, Nani Abaki

Mimi ni muuguzi kutoka Mombasa. Nimetoka tena Kigoma, kwenye mradi uleule wa afya ya jamii, vijiji vya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kibirizi karibu na Kigoma mjini. Wenzangu wauguzi wananiuliza kama inafaa. Inafaa, ila si kwa kila mtu.

Anayepiga hodi nyumba kwa nyumba si mgeni. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtu wa kitongoji hichohicho. Serikali ya Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa Januari 2024, lengo likiwa kuwafikisha 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, na mradi unafanya kazi nao badala ya kuleta watu wake. Sisi wa kujitolea tunafuata nyuma: kukagua rejesta, kurudia nao upimaji wa mkono wa mtoto kwa utepe (chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, aende kituoni), kuhakikisha ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini mtu anapohara, inachanganywa kwa lita moja kamili na vidonge vya zinki vinamalizwa hata kuhara kukikoma mapema. Ukienda ukitaka kudunga sindano na kupiga picha na watoto, utaboeka upesi. Na wazee wengi wanaongea Kiha, kwa hiyo bila mhudumu wewe ni wa kusalimia tu.

Kazi kubwa ni maji. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu mpaka unaona mawe chini, na mtu aliyeyanywa tangu utotoni hakuelewi ukimwambia yanaweza kuwa na kipindupindu. Mzee mmoja mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, alinijibu, "Mwanangu, machafu ni hayo ya mabomba yenu huko Mombasa." Nikacheka, maana mifereji ya kwetu naijua. Lakini mwaka 2015 haujasahaulika: wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kipindupindu kikaua watu, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Wahudumu wanaanzia hapo, ndipo wanafika kwenye dawa ya kutibu maji. Semina tuliyopewa ilianza na picha za kunawa mikono. Wahudumu wamewazidi waandaaji wa semina, nasema wazi. Hata suala la vyoo wanalielewa vizuri zaidi: pale ni mwamba au mchanga, shimo ama halichimbiki ama linabomoka, na kumsema mtu mbele ya majirani kwa kukosa choo ni kumwonea.

Faida ya kurudi niliiona kwenye ratiba. Safari ya kwanza mikutano iliwekwa asubuhi, saa ambazo wavuvi wa dagaa wamelala baada ya kukesha na taa ziwani. Safari hii, kwa kuwa nilikuwa naufahamu mwalo, mratibu alikubali tupange kwa kufuata mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, boti zinakaa nchi kavu, wanaume wapo, na kina mama hawana mzigo mpya wa kuanika. Watu walijaa hadi chini ya miembe.

Chakula sikilalamikii: samaki mgebuka wa mawese na ugali, ningekula kila siku. Malazi ni ya kawaida, umeme wa sola, chandarua kipo.

Malalamiko yangu ni mawili. Kwanza kibali. Mkenya haombi viza, lakini kujitolea kunahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na mradi ulinijibu kuwa "tutashughulikia ukifika". Usikubali. Wadai waanze kabla hujapanda basi, tena kwa maandishi, na ulizia hapohapo ada unayolipa inakwenda wapi, maana hilo nalo halizungumzwi mpaka uulize.

Pili ni boti. Barabara haifiki vijiji vyote, na kuanzia Mei upepo wa kusi unapiga kweli; mimi mtu wa pwani na bado nilitapika. Jaketi okozi hazikutosha, tukawa tunawapisha wenye watoto. Nawapa nyota nne kati ya tano. Nikipangiwa tena miezi ya kusi, nabeba jaketi langu kutoka nyumbani.