Zege kuukuu: nyundo ya Schmidt au kukata sampuli?

Hapa Kigoma swali hili la jinsi ya kupima nguvu ya zege huibuka kila jengo la zamani linapokaribia kubomolewa na mwenyewe anataka kokoto zitumike tena.

Kwa gharama, nyundo ya Schmidt, kifaa cha springi kinachogonga zege na kusoma jinsi kinavyodunda, inashinda. Fundi mmoja hugonga nguzo nyingi kwa asubuhi moja, bila umeme wala maji. Matunzo yake ni kuisafisha na kuihakiki kwenye kipande chake maalumu cha chuma.

Kwa uhakika, mambo yanageuka. Nyundo husoma ugumu wa uso tu. Zege la miaka mingi hufyonza kabonidioksidi, uso ukawa mgumu, namba zikapanda kuliko nguvu ya ndani. Inaniuma kuona watu wakiziamini hivyo hivyo. Sampuli ya duara, mara nyingi ya kipenyo cha milimita 100, huvunjwa kwenye mashine ya maabara ikatoa nguvu halisi, na kokoto unaziona kwa macho. Nyunyizia fenoftalini, kemikali inayobadilika rangi: palipokosa rangi ya waridi, kabonidioksidi imeshafika. Lakini utahitaji jenereta, maji, bomba lenye meno ya almasi, na kukwepa nondo.

Kama kifusi ni cha kushindilia chini ya sakafu, nyundo yatosha. Kama ni kokoto za nguzo mpya, kata sampuli, nyundo ikuonyeshe pa kukata.