Vanishi ya mati kwenye gitaa la kujitengenezea: nimepaka, nimekwangua, nimepaka tena

Wakuu, hapa naongelea kopo moja la vanishi, lita 1, poliyurethini ya mafuta iliyoandikwa mati (yaani isiyong'aa), nimenunua Gerezani kwa 24,000. Kampuni siitaji wala duka silitaji, maana nusu ya yaliyonikuta ni ujinga wangu na nusu ni ya muuzaji.

Gitaa ni la umeme. Bodi nimechonga kwenye kipande cha mninga kilichobaki kwa fundi wa vitanda pale Keko, shingo nimenyofoa kwenye gitaa bovu, fretibodi (ule ubao wa shingo unaobonyezea nyuzi) nikabandika mpingo. (Mpingo usiupake vanishi jamani, piga msasa mpaka ung'ae wenyewe, tone la mafuta, basi.) Kwanini mati? Joto la Dar. Shingo ya glosi (ile inayong'aa) mwezi wa pili jasho linanata, mkono hauserereki kabisa. Alafu mninga ukiupiga glosi gitaa linakua kama meza ya sebuleni kwa bi mkubwa, ile yenye kitambaa cha kufuma.

Sasa muuzaji nikamuuliza hii inapakwaje akasema "tikisa tu kaka, paka". Nikatikisa. Kumbe kinachoua mng'ao kwenye hizi vanishi ni unga laini sana wa silika na ule unga unatuama chini ya kopo, ukitikisa unapata mapovu tu na unga wenyewe umeganda palepale. Koti ya kwanza ikatoka inang'aa nikasema nimeibiwa hii ni glosi, ya pili hivyohivyo, ya tatu nilipofika chini ya kopo ikatoka nyeupe kama nimepaka chaki. Mbele ya gitaa pakawa na mabaka, huku panang'aa huku pamefifia.

Dawa yake ni kijiti bapa, unakwangua chini ya kopo unakoroga taratibu kama dakika 5, na katikati ya kazi unakoroga tena. Mtu wa dukani anauza kitu kila siku hajui hilo, inauma.

Kingine, watu wanadhani mati inaficha makosa. Haifichi! Glosi ikiingia vumbi unapiga msasa wa maji 1000 unakuja 2000 unasugua na dawa ya kung'arishia bodi za magari, imeisha. Mati ukiisugua hivyo inaanza kung'aa, na ukipaka kiraka kidogo kinaonekana hata ukiwa mlangoni. Unywele mmoja wa brashi ukibaki unarudia upande mzima. Mimi nilikwangua gitaa lote.

Raundi ya pili nikatulia. Mninga una vitundu vingi kwahiyo nikapiga sila ya kuvizibia mara 3, kila ikikauka msasa 320, alafu koti 2 za GLOSI ya kampuni ileile, na juu kabisa mati koti moja nyembamba. Ndio, glosi chini, sijakosea, maana ukipanga mati juu ya mati ule unga unarundikana na mistari ya mbao inakua kama unaitazama kupitia ukungu. Niliilainisha na waiti spiriti kidogo, usiweke thina ya magari. Kazi nilifanyia bafuni usiku, nimemwaga maji sakafuni vumbi lilale, gitaa linaning'inia kwenye kamba, wapangaji wenzangu wanagonga mlango wanataka kuoga. Siku ya mvua niliacha kabisa, inachelewa kukauka na kila mdudu anatua humo.

Nyuzi niliweka baada ya wiki 3 japo harufu ilikua bado ipo. Na kwakweli limetoka poa, mistari ya mninga unaiona na ukipapasa unajua hii ni mbao, shingo inateleza hata nikiwa nimeloa jasho.

Huu ni mwezi wa tatu tangu nilimalize, pale mkono wa kulia unapoegemea pameanza kung'aa. Hiyo ndio tabia ya mati, inasuguliwa na nguo na ngozi, sio ubovu. Unaweza kupunguza mng'ao kwa kupitisha kidogo stilwuli, zile nyuzi laini za chuma za kusugulia, namba 0000, ila kwanza funika pikapu (vile vinasa sauti chini ya nyuzi za gitaa) kwa selotepu, zile ni sumaku, zitavuta vumbi lote la chuma na hutalitoa leo.

Kopo nalipa alama 4 kwa 5, moja nimekata sababu maelezo ya kukoroga yapo kwa maandishi madogo nyuma, tena chini ya bei. Duka 2, na hizo 2 ni kwasababu walinirudishia chenji sahihi.

Robo iliyobaki nimepaka stuli ya mama. Ameigeuza geuza, ameifuta na khanga, ananiuliza mwanangu hii utaimalizia lini, mbona haing'ai.