Nguo na viatu vya Kilimanjaro: ukodi Moshi, uchague mitumba, au uagize mtandaoni?

Kila mwaka ikifika Oktoba simu yangu huanza kuita. Ni watu wa Dar, Mwanza na Dodoma, wameshalipia safari ya kuwa kileleni tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, na swali lao ni moja: "Kaka, jaketi ninunue wapi?" Wengine wanapopiga wanakuwa wameshaagiza, na hao ndio wanaonipa wasiwasi. Nimepanda mara nne kwa njia ya Machame na mara moja kwa Marangu, na vifaa nimevitafuta kila mahali vinapopatikana.

Mpangilio wangu ni huu. La kwanza, kodi Moshi. La pili, mitumba. La tatu, duka la vitu vipya ambalo unaweza kuingia na kujaribu. La mwisho kabisa, mtandaoni. Viatu peke yake ndivyo vinavyovunja mpangilio huu, kwa hiyo naanza navyo.

Viatu: hapa ndipo pesa yako iende kwanza

Ukiwa na shilingi za kununua kitu kimoja tu kizuri, nunua viatu. Jaketi baya utavaa juu yake jingine, lakini mguu hauna mbadala. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka unashuka zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili, na hatua zote hizo vidole vinasukumwa mbele. Tulipanda na kijana mmoja aliyeagiza buti za bei kubwa kutoka nje. Zilimfikia siku tatu kabla ya safari, na zilikuwa zinambana kidogo tu. Alisema zitalegea. Kupanda hakulalamika hata mara moja. Kushuka, tulipofika kambi ya Mweka alivua soksi na kucha za vidole gumba viwili zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Siku iliyofuata aliutembea msitu mzima kinyumenyume kila palipokuwa na mteremko mkali.

Kwa hiyo viatu havinunuliwi kwa picha. Nenda dukani jioni, wakati miguu imeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, na uwe na soksi nene utakazovaa mlimani. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha: nyuma ya kisigino kidole chako cha shahada kiingie bila kulazimisha. Halafu funga kamba vizuri, tafuta ngazi, simama ukitazama chini, ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele, rudisha, hata kama mwenye duka anakwambia ngozi itafunguka. Ngozi hutanuka kwa upana. Kwa urefu usiitegemee.

Buti za mitumba je? Zipo nzuri sana, na hapa ndipo watu wanaumia bila kujua. Buti nyingi za mlimani zina tabaka laini kati ya soli ya chini na ngozi ya juu, na mara nyingi tabaka hilo ni la poliyurethani. Poliyurethani huozeshwa na unyevu wa hewani taratibu, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Ndiyo maana unaweza kupata buti inayong'aa, soli haijalika hata kidogo, na ikakuachia mlimani. Mimi iliniachia juu kwenye uwanda wa Shira: soli ya kushoto ilifunguka kuanzia kisigino, nikaifunga kwa kamba ya hema. Siku hizi nikishika buti ya mtumba nabonyeza tabaka lile kwa ukucha wa dole gumba, pembeni, pande zote. Likibonyea na kurudi, sawa. Likiwa na nyufa ndogondogo, likinata, au likiacha unga kwenye ukucha, narudisha mezani. Fundi viatu anaweza kushona soli nzima nzima, ila tabaka lililooza halina cha kushikia uzi.

Ukishapata, zivae. Wiki tatu za kwenda nazo kazini ni chache. Wa Dar wapande Morningside kule Uluguru walau mara moja. Wa Arusha na Moshi hawana kisingizio.

Kukodi Moshi: kwa vitu vya usiku mmoja

Hesabu ya baridi ni rahisi. Joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, hivyo kileleni ni kama nyuzi 30 chini ya Moshi. Usiku ule unaotoka kambi ya Barafu saa sita kwenda kileleni unaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Lakini ni usiku mmoja. Kununua jaketi la manyoya ya bata kwa ajili ya saa kumi za maisha yako, halafu ulirudishe Temeke, ni kuzika pesa.

Kodi begi la kulalia, jaketi la manyoya, fimbo za kutembelea na vikinga vya miguuni vya kuzuia vumbi na matope. Kampuni nyingi za kupandisha watu zina stoo ya vitu hivyo, na mjini Moshi kuna maduka yanayoishi kwa kazi hiyo. Usikubali tu kuambiwa "vyote vipo". Omba uvione siku moja kabla, mchana, nje ya stoo. Begi la kulalia ingia ndani yake na viatu umevua, funga zipu mpaka kidevuni, fungua, funga tena. Zipu inayokwama ukiwa umesimama juani itakushinda ukiwa na glavu gizani. Liinue mbele ya mwanga: ukiona madirisha matupu na manyoya yamejikusanya kwenye pembe, hapo ndipo baridi itakapoingilia.

Kwenye lebo ya begi kuna namba tatu za nyuzi joto, na namba kubwa ya kujisifia si yako. Ya kwanza ni ya kulala kwa raha, ya pili ni kikomo, na ya tatu ni ya kunusurika tu, yaani utatoka hai ila unaweza kuwa umeumizwa na baridi. Muuzaji au mkodishaji akisema "hili ni la nyuzi 20 chini ya sifuri", muulize kwa namba ipi. Mimi natafuta begi ambalo namba yake ya raha ni 5 chini ya sifuri au chini zaidi ya hapo, na nalala na soksi kavu na mzula kichwani.

Ubaya wa kukodi ni msimu. Januari na Februari, kuanzia Julai hadi Septemba, na wiki ya Krismasi, vilivyo bora huondoka na waliofika mapema. Piga simu wiki mbili kabla, taja urefu wako, na ukifika usione aibu kukataa.

Mitumba: Memorial, Karume, Gikomba

Napenda mitumba, na kwa koti la juu, suruali nene na glavu sijaona pa kuishinda. Sababu yake ni hii: mengi ya makoti manene yanayotundikwa pale soko la Memorial, Moshi, yalishonwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani wanaoteleza kwenye theluji. Ni nguo za watu wanaokaa siku nzima kwenye upepo na barafu. Utazitambua kwa mfuko mdogo kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, ambao huwekwa kadi ya kupandia lifti ya mlimani, na kwa mkanda mpana wa mpira kwa ndani, usawa wa kiuno, wenye vifungo vya kubana theluji isipande mgongoni. Moja nililowahi kulinunua lilikuwa bado lina kipande cha tiketi kwenye zipu. Niliombwa elfu 60 nikalipa elfu 35, na limeshafika kileleni mara tatu, moja likiwa mgongoni kwangu.

Lijue kwa kasoro yake pia. Anayeteleza hupandishwa na lifti na kushuka kwa kasi. Wewe unapanda kwa miguu na kutoka jasho. Koti hilo ukilivaa kuanzia lango la Machame utalowa kutoka ndani kabla mvua haijakukuta. Lifungie kwenye begi mpaka usiku wa kilele. Kwa siku za msituni, na hasa Novemba hadi Desemba ambapo vuli haijakata, unataka koti jepesi la kuzuia mvua, na hilo ndilo gumu kulipata mtumba, kwa sababu utando wa kuzuia maji hufa kimyakimya.

Mama mmoja ninayenunua kwake Memorial alinifundisha kupima. Alichukua chupa yake ya maji ya kunywa, akalitandaza bega la koti kwenye kiganja chake na kumwaga kidogo, akaniambia, "Subiri, baba, usiwe na haraka." Tukasubiri. Matone yalikaa kama yanavyokaa kwenye jani la mgomba, halafu pembeni, kwenye mshono, kiganja chake kikalowa. Akaligeuza ndani nje: ule ukanda unaobandikwa juu ya mishono ulikuwa umebanduka urefu wa vidole vitatu. Akalitupa kwenye rundo la bei poa, akanitafutia jingine. Tangu siku hiyo nalipindua koti kabla ya kuuliza bei. Ukanda uliobanduka, au kitambaa cha ndani kinachotoka magamba kama ngozi iliyoungua jua, maana yake ni koti la upepo tu. Lipia bei ya koti la upepo.

Wahi siku wanayofungua mabelo, uliza mapema ni siku gani. Ukiwa Dar, Karume inatosha kwa glavu na suruali. Wenzetu wa Nairobi wana Gikomba, ambako buti zimejaa, na kipimo cha ukucha ni kilekile. Usinunue nguo za ndani za pamba kwa ajili ya mlima, hata ziwe nene vipi: pamba ikilowa jasho inabaki baridi mwilini. Tafuta sufu au poliesta.

Duka la vitu vipya

Hapa ni soksi, nguo za ndani za baridi, na viatu kama nilivyosema. Kwenye maduka ya Kariakoo kuna majaketi mapya yenye nembo za kampuni kubwa za nje kwa bei ambayo nembo hiyo haiwezi kuuzwa. Mengine yanafaa kwa Makambako au Njombe asubuhi. Yapime kwa maji kama ya mtumba, usiipime nembo.

Mtandaoni

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni muuzaji wa Instagram au WhatsApp aliye hapahapa nchini, anayetuma mzigo kwa basi. Wapo waaminifu wengi. Muombe video, siyo picha: avute zipu, apindue koti ndani nje, aoneshe soli ikibonyezwa. Anayekataa kurekodi dakika moja lakini anataka hela yote mbele, mwache.

Ya pili ni kuagiza nje, na hapa watu husoma bei ya kwenye skrini wakadhani ndiyo bei. Tangu Julai 2022 daraja la juu la ushuru wa forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 35, na daraja hilo linagusa nguo na bidhaa za ngozi. Kwa mzigo wa meli, ushuru unapigwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafirishaji. Tuseme koti ni dola 100 na kulisafirisha ni 40. Ushuru wa asilimia 35 juu ya 140 ni 49. Juu ya jumla hiyo, 189, inakuja VAT ya asilimia 18, yaani 34. Koti la 100 limefika 223, kabla ya tozo nyingine ndogondogo, na bado hujui kama mikono inakufika. Kulirudisha ni gharama nyingine ambayo sijawahi kuona mtu anaikubali.

Agiza visivyo na saizi: tochi ya kichwani, chupa ya kuhimili baridi, miwani ya jua inayozuia miale yote ya UV, maana theluji ya juu huunguza macho. Agiza miezi miwili kabla.

Kabla hujafunga begi

Kuna njia moja ya kupata jaketi ambayo naiomba uikatae. Usiku wa baridi, mteja aliyekuja na koti jepesi huangalia pembeni na kumwomba mgumu, yaani mpagazi aliyembebea mzigo, amwazime la kwake, na mgumu hukubali kwa sababu hawezi kusema hapana. Yule naye analala kambi ileile, mara nyingi kwenye hema la watu wengi. Moshi kuna mradi wa kusaidia wapagazi unaoitwa KPAP (Kilimanjaro Porters Assistance Project) ambao tangu 2003 umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, kwa sababu wengi hawana uwezo wa kuzinunua. Kama una soksi nene au glavu za ziada za mtumba, ziweke kwenye begi kwa ajili yao, na uwape siku ya kwanza, langoni, wasisubiri mpaka mmeshuka.

Na viatu vyako vivae mguuni ndani ya basi la kwenda Moshi. Begi likipotea kwenye buti la basi, kila kilichomo kinakodishwa mjini kabla ya jioni, isipokuwa kiatu kilichokwisha kuuzoea mguu wako.