Kufumua Mshono au Kukata Kipande Kipya?

Vipande vya kitenge vinapounganishwa kuwa mraba wa blanketi la viraka na kona zikakataa kukutana, mshonaji ana njia mbili. Kufumua huokoa kitambaa, mradi uzi ukatwe kwa wembe kila baada ya mishono 3 au 4 upande mmoja, kisha uzi wa upande wa pili uvutwe taratibu. Lakini pembetatu iliyokatwa kimshazari huvutika inaposhikwashikwa, na ikifumuliwa mara mbili ni nadra kurudia umbo lake. Hapo naona afadhali kukata kipande kipya, ikiwa masalio yapo. Mshono ukiingia ndani zaidi kwa milimita 1, kosa hilo mimi huliacha (fundi mkali atanicheka), ila likijirudia katika maungio 8 mraba hupungua milimita 16, kwa kuwa kila ungio hula milimita 1 ya ziada katika kila kimoja cha vipande viwili.