Nimepeleka kitabu, nimerudishiwa karata

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Miezi kadhaa iliyopita nilimpelekea mzee mmoja anayejalidi vitabu hapa Bagamoyo kazi yangu ya mkunjo wa kodiani: milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, kila ukurasa mlango mmoja, nimeichonga kwenye lino, lile bamba laini la kuchongea, na kuipiga chapa kwa mkono. Kitabu cha aina hii hakina mgongo. Ni ukanda mmoja mrefu uliokunjwa huku na huku. Ukiuvuta, mtaa mzima unalala mezani. Msanii wa Marekani, Ed Ruscha, alifanya hivyo mwaka 1966 kwa barabara moja ya Los Angeles, na ukanda wake ukifunguliwa unapita mita 7. Wangu mita 3 tu, lakini nilihakikisha nyuzi za karatasi zinakwenda sambamba na mikunjo isije ikapasuka.

Nilichomwomba ni kubandika majalada mawili, la mwanzo na la mwisho. Basi!

Yeye akaona kingo zimepinda. Akakitia kwenye mashine, akakata pande zote nne, hadi upande alioutaka uwe mgongo, eti gundi ishike. Mikunjo yote kwaheri. Na hiyo gundi yenyewe ilipasuka nilipofungua mara ya kwanza, milango ikamwagika miguuni pangu pale pale dukani.

"Mwanangu," anasema, wala hajainua macho, "umeniletea mkeka, nimekutengenezea kitabu, hata ahsante hakuna?"

Msiende kwake. Ingawa, tuseme kweli, mkono wake wa sindano hauna mfano. Msahafu wa mjomba aliushona upya kwa uzi wa nta, ukiufungua unatulia wenyewe bila kushikwa. Kwa kushona, nendeni. Ila simameni hapo hapo, mashine ile msiipe kisogo.

Sasa naunganisha upya kwa vipande vya kanga, mlango kwa mlango, kama bawaba. Jana nimefika wa tisa. Na jamani, naona haya kusema: kwa bawaba za kitambaa kinafunguka laini kuliko mwanzo, na ile rangi nyekundu katikati ya milango imekipendeza.

Lakini alinitoza elfu tano "ya kukatia". Hiyo naifuata Jumamosi.