Kusafisha mkanda wa nyeusi na nyeupe nyumbani: dawa ipi ununue kwanza

Wengi wanaoanza kusafisha mkanda wa kamera (filamu) wanauliza dawa ipi ya kutokeza picha (developer) inatoa chembe, yaani vile vidoti vinavyoonekana kwenye picha, ndogo kuliko zote. Mimi nasema hilo lije la pili, kwanza jiulize unapiga mikanda mingapi, maana dawa nzuri namna gani ikishakufa ndani ya chupa unatoa mkanda mweupe pee, na picha zilizokuwemo ndo hazirudi tena. Kwahiyo hapa nimezipanga kwa mtu wa kawaida, anapiga mkanda leo na mwingine labda mwezi ujao, ana tenki la plastiki kama Paterson, hana chumba cha giza ila ana ule mfuko mweusi wa kuingizia mikono.

Namba 1: Rodinal. Ipo tangu 1891, ilianzia Agfa, sasa ADOX wanaitoa kwa jina hilohilo, na nyingine utaikuta imeandikwa R09. Ni ya maji na nzito, unavuta na sirinji tu, 1+50 ni mililita 6 kwenye maji mililita 300, unasafishia mara moja unamwaga, kesho unatengeneza mpya. Chupa ukishaifungua inakaa miaka, inageuka kahawia iliyoiva na bado inapiga kazi vilevile, hakuna nyingine humu inayokusubiri hivyo. Ubaya wake ni chembe, mkanda wa ISO 400 (kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga) wa 35mm utaziona bila kutafuta, ndo maana mimi naipenda zaidi na FP4 Plus au mkanda wowote wa 100 hivi, hapo mistari inatoka mikali mpaka unafurahi. Usiichukue kama mpango wako ni kupushi (kupiga mkanda kama una ISO kubwa kuliko yake, alafu kuusafisha kwa muda mrefu zaidi), vivuli vinapotea kabisa.

Alafu kuna suala la muda ambalo watu hawaliangalii wakinunua. HP5 Plus, mkanda wa ISO 400 wa Ilford, kwenye Rodinal 1+50 ni dakika 11 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na kama maji yako yana joto kidogo huo urefu unakuokoa, kwasababu joto likipanda muda unakatwa, dakika 4 za nyuzi 20 zinakuwa kama 3 tu ukifika nyuzi 23, na ukishuka chini ya dakika 5 hivi dawa haishiki sawasawa, unapata mabaka kwenye anga.

Namba 2: D-76 ya Kodak au ID-11 ya Ilford, chukua unayoipata, zinafanya kazi karibu sawa kabisa na hakuna haja ya kuumiza kichwa. D-76 ni ya 1927 na mpaka leo dawa mpya bado zinapimwa kwa hiyo. Kwa mikanda ya 400 kama HP5 Plus na Tri-X mimi sioni inayotoa kijivu kizuri zaidi, kwenye ID-11 ya 1+1 HP5 Plus inachukua dakika 13. Mbona sasa sio ya kwanza? Ni ya unga, unakoroga pakiti nzima kwa wakati mmoja (usigawe unga, kemikali zilizomo hazijachanganyika sawa), na ikishakuwa maji inakaa miezi 6 chupa ikiwa imejaa hadi shingoni, chupa ikibaki nusu ni mwezi mmoja au miwili. Igawe kwenye chupa ndogondogo zilizojaa. Kama unapiga mikanda mingi basi ipandishe iwe namba 1, sibishani.

Namba 3: HC-110. Nayo inakaa vizuri na inatoa kazi safi, ila kipimo kinachotumika sana cha 1+31 kinaipa HP5 Plus dakika 5 tu kwa nyuzi 20, hapo huna nafasi ya kukosea. Wengi wanapunguza makali kuwa 1+63 na kuongeza muda mara mbili, inakubali.

Namba 4: XTOL. Kwa chembe ndogo na vivuli inazipita hizo zote, shida pakiti inatoa lita 5 na ikifa haibadiliki rangi. Ukiwa nayo, kata kipande cha ulimi wa mkanda (ile ncha ya mwanzo isiyo na picha) ukitose ndani kwenye mwanga kabla ya kusafisha, kisipokuwa cheusi hiyo dawa mwaga.

Namba 5: Ilfosol 3, rahisi sana kutumia ila ikishafunguliwa ni kama miezi 4.

Mwisho kabisa zile za mbili kwa moja kama Df96. Nimeziweka huku kwasababu dawa na fiksa (ile ya mwisho inayofanya mkanda usiharibiwe tena na mwanga) viko pamoja, huwezi kuamua ukali wa negativu vile unavyotaka, na mimi naona huko kuamua ndo raha yenyewe ya kusafisha nyumbani.

Hela ukiokoa kwenye stopu (ile ya kusimamisha kazi ya dawa kabla ya fiksa) ni sawa, maji safi yanatosha, lakini fiksa nunua ya maana. Ipime hivi: tosa kipande cha mkanda, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu, alafu fiksi mara mbili ya muda huo.

Na kabla ya yote soma kopo la mkanda. XP2 Super inatoa picha nyeusi na nyeupe ila inasafishwa kwa C-41, dawa ya mikanda ya rangi, hizi zote nilizotaja hazikutengenezewa mkanda huo.